Hina Kwenye Ncha za Vidole

Mabela, Alhamisi, 3 Julai 2025

Mama Kheiria mpendwa,

Salamu nyingi. Keti kwanza. Umekaa? Nimepata kazi!

Na si kazi ya kuambiwa "tutakupigia simu." Hajar, mpwa wako, amenipa barua yenye muhuri. Nitakuwa msaidizi wa mwalimu katika chekechea yake, darasa la watoto wa miaka mitatu, kuanzia Jumapili tarehe 31 Agosti. Anasema aliniona kwenye msiba wa marehemu mama yako nikiwatuliza watoto kumi na moja kwa kijiko na sahani, na tangu siku hiyo hakunisahau. Nimeisoma barua hiyo mpaka pembe zimekunjika.

Unajua hali yangu. Mwanao Aflah na familia yake, ninaowatumikia sasa hapa nyumbani kwako, wanahamia Salala mwezi wa tisa, na kibali changu cha kukaa hapa, kilicho kwa jina lako, kinaisha mwisho wa Agosti. Nilishaanza kuhesabu nguo za kurudi nazo Nakuru. Sasa nitaitwa Ticha Rachael! Nimejiita hivyo mbele ya kioo, wajukuu zako wakanicheka.

Imebaki karatasi moja tu, cheti cha tabia njema kutoka polisi wa Kenya. Kila mgeni anayefanya kazi na watoto hudaiwa. Tarehe 15 naenda kuchukuliwa alama za vidole hapa Maskati, zitumwe Nairobi. Ni jambo dogo.

Simu yako najua huisomi, ndiyo maana nampa ndugu yako Zahor karatasi hii akirudi Qurayyat jioni.

Wako,
Rachael Wambui


Qurayyat, Jumamosi, 5 Julai 2025

Mwanangu Raheli,

Nimeisoma barua yako nimesimama, maana mie sipendi kuamrishwa kukaa. Kisha nikapiga kigelegele peke yangu jikoni. Hind, bibi harusi wetu, akaja mbio akidhani nimeungua na mafuta.

Hongera, mwanangu, hongera! Mama, Mungu amrehemu, angalikuwepo angalicheka mpaka meno yamtoke, na meno yenyewe unajua hakuwa nayo. Miaka minne ulimlisha, ukamwogesha, ukamsikiliza hadithi moja mara mia. Watoto wa miaka mitatu watakushinda nini?

Sasa nisikilize. Alkhamisi hii ni hina ya Hind, Ijumaa ndiyo harusi yenyewe. Zahor atakuchukua. Usinambie huna nguo, vaa ile ya kijani ya Idi. Na hina yako ntakutia mie mwenyewe, sitaki yule mchoraji wa kukodi anayeandika maua kama anatia sahihi hundi. Ntakupaka vidole mpaka kiungo cha kwanza, na piko juu yake, kama tulivyokuwa tukipakwa sie Unguja, iwe nyeusi ya kung'ara. Mtu anayeingia kwenye heri hendi na mikono mikavu.

Cheti hicho usikipe hata dakika ya kukifikiri. Wakitaka kuijua tabia yako waje waniulize mie.

Nnakutumia rutab, tende laini za mtende wa uani, za mwanzo mwanzo. Wape na watoto, lakini wewe kwanza.

Mamako,
Kheiria


Mabela, Alhamisi, 17 Julai 2025

Mama Kheiria,

Asante kwa harusi ile. Miguu bado inauma kwa kucheza, na Hind alipendeza mpaka nikasahau kula, jambo ambalo unajua halinitokei.

Lakini Mama, vidole!

Jumanne nilifika ofisini saa moja na nusu, wa kwanza kwenye foleni. Nikaweka mkono juu ya ile mashine. Ikawaka nyekundu. Nikaweka tena. Nyekundu. Yule afisa akanigeuza mkono, akaangalia ncha zangu zilivyokuwa nyeusi kama masizi ya sufuria, akauliza, "Arusi ya nani?" Nikamwambia ya Hind wa Qurayyat. Akasema mabruk, Mungu awape kheri, halafu akasema mashine haioni kidole, inaona hina tu, nirudi itakapotoka. Hakuwa mtu mbaya. Tena aliniambia rangi imeshika vizuri sana.

Nimesugua kwa limau na chumvi. Nimesugua kwa dawa ya meno. Nimefua nguo zote za nyumba hii kwa mkono, hata zilizokuwa safi, na mke wa Aflah anadhani nina homa. Hina yako haitoki! Umeitia nini?

Naomba usinielewe vibaya. Sikulaumu. Ila siku zinakwenda, na mimi sina siku za kupoteza. Kaka yangu Zachariah kule Nakuru anangoja alama hizo kama mtu anayengoja mvua. Silali vizuri.

Wako,
Rachael Wambui


Qurayyat, Jumamosi, 19 Julai 2025

Mwanangu Raheli,

Unisamehe, nimecheka. Nimecheka mpaka nikamsomea Zahor, naye akacheka, kisha tukatazamana tukaona haya. Mie ndiye niliyeiharibu shughuli yako, kwa mkono wangu mwenyewe, na majani ya mhina na limau ya Qurayyat. Hina ya mashallah hiyo, haiogopi dawa ya meno.

Lakini mwanangu, mbona umetaharuki hivyo? Wiki tatu tu, ngozi hujibadilisha yenyewe. Acha kusugua, utajichubua, kisha mashine ikatae na vidonda. Kawia ufike. Karatasi ya polisi itaandikwa nini juu yako? Kwani umeua mtu? Angekuwa ni yule kijakazi wa jirani yetu aliyekuwa akificha sukari, ningesema haya, ana sababu ya kukosa usingizi. Wewe ufunguo wa sanduku la dhahabu la mama ulikaa kwako miaka minne, na siku mkufu ulipopotea niliwaambia wote, Raheli simshuku, nnamshuku paka. Ukaonekana ndani ya foronya.

Basi tulia. Kula. Ntakuombea kila sala vidole viwe vyeupe.

Mamako,
Kheiria


Mabela, Alhamisi, 24 Julai 2025

Mama Kheiria,

Mficha uchi hazai. Nimejaribu kuianza barua hii siku nne.

Siku ile ya mkufu, uliposema humshuku Raheli, nilienda bafuni nikafungua maji nikalia. Sasa nitakuambia kwa nini.

Mwaka 2016 nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikisuka nywele kwenye saluni moja Nakuru. Mteja mmoja alisahau simu yake chini ya mto wa kiti. Simu mpya. Niliichukua. Aliporudi mbio akiuliza, niliapa kwa jina la mama yangu kwamba sijaiona, na nikamsaidia kuitafuta, Mama. Nilipiga magoti nikaangalia chini ya viti pamoja naye. Siku ya tatu polisi waliikuta chini ya godoro langu.

Mahakamani nilikubali kosa. Hakimu alikuwa mama mtu mzima. Alisema hataandika hukumu. Nikae mwaka mzima bila kosa jingine, na kila Jumamosi nifagie zahanati ya mtaa. Nikitimiza, jambo litakuwa limekwisha na sitahesabiwa mhalifu. Nilitimiza. Hata Jumamosi niliyokuwa na malaria nilienda, nesi akanilaza kwenye kitanda nilichokuwa nimetoka kukitandika.

Nilidhani limekwisha kweli. Nilipokuja kwako, wakala ndiye aliyeshika karatasi zote na mimi sikuulizwa kitu. Sasa Zachariah ameenda kuulizia, akakuta matokeo ya kesi hayakuwahi kupelekwa kule kumbukumbu zinakowekwa. Kwenye faili langu kesi bado inaning'inia, kama vile ningali namtafutia yule mama simu yake chini ya viti. Wakituma cheti hivi kilivyo, kitasema mwizi, na Hajar hatakuwa na njia.

Lakini inaweza kusafishwa! Zachariah amelipata jalada la zamani mahakamani, amepewa nakala ya amri ya hakimu yenye muhuri, na nesi yule, ambaye sasa ni mkuu wa zahanati, ameandika kwamba nilimaliza Jumamosi zangu zote. Polisi wameomba kitu kimoja zaidi, barua ya mwajiri wangu wa miaka hii mitano, aseme nimeishi vipi. Mwajiri huyo ni wewe.

Ningeweza kukuomba barua bila kukueleza ni ya nini. Nilifikiria hivyo, nakiri. Lakini nisingeweza kukuacha utie sahihi bila kujua. Na kama ningekuambia mapema, ungeziacha ncha za vidole vyangu. Kwa hiyo hina ni kosa langu mimi.

Mike wa kanisani kwetu anasafiri kwenda Nairobi Jumanne tarehe 5 Agosti. Atabeba kitakachokuwepo.

Rachael


Mabela, Alhamisi, 31 Julai 2025

Mama Kheiria,

Jumapili Zahor alikuja bila barua. Nilimuuliza mara mbili, akaniambia hakupewa kitu.

Jana nimechukuliwa alama. Mashine imewaka kijani vidole vyote kumi, na yule afisa akanipigia makofi. Nilitoka pale nikikimbia na jua lile la saa sita, nikitaka kumwambia mtu.

Nikafika nyumbani. Watoto wakaniambia, bibi alikuja. Akaingia chumbani kwake, kile anachokifunga, akakaa ndani kwa muda mrefu. Akatoka, akaondoka na Zahor, hata chai hakunywa. Ukumbi wote ulikuwa unanukia udi wako.

Chumba hicho kina kitanda, kabati na sanduku la dhahabu. Sihitaji kuambiwa ulifungua kipi.

Sikasiriki. Ningekuwa wewe pengine ningefanya vilevile. Lakini nilikaa kwenye ngazi nikiwa na vidole vyangu visafi na sikujua nivifanyie nini. Mike anaondoka Jumanne. Kama hutaandika nitaelewa, na nitakupenda vilevile.

Rachael


Qurayyat, Jumamosi, 2 Agosti 2025

Mwanangu,

Barua ya polisi imo ndani ya bahasha hii. Nimeiandika kwa mkono wangu, kwa Kiingereza cha skuli tulichofunzwa kwa fimbo, kwa hivyo hakina kosa. Mpe Mike. Mwambie asiikunje.

Sasa langu. Nilipoisoma barua yako nilikasirika. Sikukasirikia simu ya yule mwanamke, mimi simjui. Nilikasirika kwamba nilikuwa nikijisifu kwa watu kwamba nnajua kuchagua mtu, na wewe ukaniacha nijisifu. Nikakaa na hasira yangu wiki nzima. Kisha shetani akanambia, hutii sahihi kitu hukukitazama.

Nikaja siku aliyonambia Zahor kuwa utakuwa ofisini. Nililifungua sanduku. Nilivitoa vitu vya mama kimoja kimoja, nikavipanga kitandani. Vyote vipo, mpaka kile kipini kilichokatika ambacho yeyote angalikichukua nisingalijua. Nikavirejesha. Nikaona haya, Raheli, haya ya kunitoa jasho, mwanamke wa miaka sabini ninayejiita mamako. Nikashindwa kukungoja. Nikamwambia Zahor twende, na njia nzima mpaka Qurayyat akaniuliza kulikoni, unamjua kwa maswali.

Hajar sikumwambia kitu. Hilo ni lako, umwambie wewe au usimwambie.

Kuna jambo jingine nnapaswa kukwambia, nalo ni kubwa kuliko hili. Leo sina ubavu.

Vidole vyote kumi! Alhamdulillahi. Hata mimi nimepiga makofi.

Kheiria


Mabela, Alhamisi, 7 Agosti 2025

Mama Kheiria,

Mike ameruka! Ameiweka bahasha yako ndani ya Biblia yake, kati ya Zaburi, haitakunjika. Zachariah ameipokea jana huko Nairobi pamoja na alama zangu, na ameshaifikisha polisi, amri ya hakimu mkono mmoja, barua yako mkono mwingine. Ameniambia karani aliisoma barua yako mara mbili, halafu akamwita mwenzake aje asome. Uliandika nini?

Kuhusu lile la chumbani, nimelisikia na nimelimaliza. Ila hasira yako ilinifurahisha kidogo, maana mtu hakasirikii kijakazi wiki nzima.

Na Hajar nimemwambia. Nilienda kumsaidia kupanga chekechea, nikamwomba dakika kumi baada ya kusafisha rafu za vitabu, nikamweleza yote, simu, godoro, Jumamosi. Akaniuliza swali moja tu, kama ninaweza kumfundisha mtoto wa miaka mitatu kurudisha kitu cha mwenzake. Nikasema naweza kuliko mwalimu yeyote Mabela. Akacheka. Akasema sheria inataka cheti, na bila cheti safi mikono yake imefungwa, lakini nafasi yangu haitapewa mtu mwingine hadi tarehe 31. Tarehe 31, Mama! Kila asubuhi naamka nikiwa na furaha na hofu, vyote pamoja.

Jambo lako kubwa nalingoja. Haliwezi kuwa kubwa kuliko langu.

Wako,
Rachael Wambui


Qurayyat, Jumamosi, 23 Agosti 2025

Mwanangu Raheli,

Cheti chako bado hakijaja, nnajua, na Zahor ananambia umekonda. Kwa hivyo nnaandika leo, kabla hakijaja. Nikingoja kije kwanza, maneno yangu hayatakuwa na thamani.

Siku tatu kabla mama hajafa, ulikuwa miguuni pake ukimkanda kwa maji ya vuguvugu. Aliniita, akanambia kwa Kiarabu usisikie, "Ile bangili nyembamba ya vichwa viwili, ni ya Raheli." Nikamwambia naam, mama. Hiyo ni wasia. Unajua wasia kwetu ni kitu gani.

Nikamzika. Nikasema ntampa baada ya arubaini. Arubaini ikapita. Nikajiambia, ile ni bangili iliyotoka Unguja mkononi mwa mama, mgeni ataiuza akafika kwao. Nikasema baada ya Idi. Mwaka na miezi mitatu sasa. Hujaiona, hukuijua, hukuidai, na mie nimekaa juu yake nikikuita mwanangu na kukutumia rutab.

Siku ile chumbani niliikuta pale kitandani, baina ya vitu vingine. Nilikuja kumtafuta mwizi ndani ya sanduku lile, nami nikamwona. Wewe simu ya watu ulikaa nayo siku tatu, ukafagia zahanati mwaka mzima. Mie nani ataniandikia Jumamosi?

Ufunguo huu nnaokutumia ndio wa sanduku, na wa mlango umefungwa pamoja nao. Fungua, uitoe bangili yako. Ufunguo usinirejeshee. Ukae kwako kama ulivyokuwa wakati wa mama.

Unisamehe, mwanangu. Nnakuomba kama mtu anavyoomba, si kama mkubwa anavyomwambia mdogo.

Kheiria


Mabela, Alhamisi, 28 Agosti 2025

Mama,

Kimekuja! Kimekuja, kimekuja, kimekuja!

Zachariah alinitumia picha Jumanne mchana, na leo asubuhi karatasi yenyewe imefika. Hakuna kumbukumbu ya kosa lolote. Nimeisoma nimesimama barabarani mbele ya duka la mikate, na mwenye duka akatoka kuniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimezaliwa. Amenipa mkate bure. Hajar alikitazama mara moja, akakitia kwenye faili langu, akanipa aproni yenye jina. Imeandikwa Ticha Rachael, kwa herufi za rangi nne.

Nimegundua pia ulichoandika kwenye ile barua. Zachariah alipiga nakala. Nilidhani utaandika ukurasa mzima, kumbe ni mistari mitatu. "Najua alichokifanya. Ameniambia yeye mwenyewe. Aliishi na ufunguo wa nyumba yangu na ataishi nao tena." Uliandika hivyo tarehe mbili, Mama, wiki tatu kabla ya kuutuma ufunguo.

Ufunguo ulinifikia Jumapili. Cheti kimekuja Jumanne. Nataka ujue kwamba nimeuona mpangilio huo, na sitausahau.

Nimeufunga kwa uzi, uko shingoni mwangu. Lakini sanduku sijalifungua. Usidhani nakataa. Bangili ya marehemu Bibi, mama yako, naitaka, tena naitaka sana, na nililia niliposoma kwamba alinikumbuka. Ila mara ya mwisho uliingia chumba kile peke yako na mimi sipo. Sasa nataka uingie mchana, mlango ukiwa wazi, watoto wakipiga kelele ukumbini, na mimi nikiwa nimesimama kando yako. Mimi nitafungua, wewe utaitoa, na utanivisha kwa mkono wako. Hiyo ndiyo Jumamosi yako. Ukishaimaliza, limekwisha, na mimi sitaliweka kwenye kumbukumbu yoyote.

Njoo Jumamosi hii basi, kesho yake naanza kazi. Nitapika biriani, na nimemwambia Zahor asikuache nyuma.

Na hina njoo nayo. Kucha tu, Mama. Jumatatu nachukuliwa alama za kitambulisho kipya.

Mwanao,
Raheli